UVIMBE NDANI YA TUNDU LA JICHO: UPI HUTOKEA SANA, UPI NI NADRA?

Hebu weka daftari chini kidogo. Pitisha kidole chako taratibu kuzunguka jicho lako: juu kwenye nyusi, pembeni karibu na panja, kisha chini juu ya shavu. Umegusa mfupa kila upande, sivyo? Hilo ndilo tundu la jicho.

Tundu hilo limejengwa kwa mifupa 7. Umbo lake ni kama faneli: pana mbele, jembamba nyuma. Nafasi yake yote kwa mtu mzima ni kama mililita 30 tu, yaani vijiko viwili vikubwa vya mezani. Katika nafasi hiyo ndogo mna jicho lenyewe, misuli 6 inayoligeuza huku na huku, mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, mishipa ya damu, tezi ya machozi, na mafuta laini yanayolilinda jicho lisigongane na mfupa.

Sasa fikiri. Kuta zote ni mfupa. Upande ulio wazi ni wa mbele tu. Kitu kikiota humo ndani kitasukuma nini? Jicho. Na jicho litaelekea wapi? Mbele! Ndiyo maana dalili kubwa ya uvimbe ndani ya tundu la jicho ni jicho kutokeza nje kuliko mwenzake.

Lakini usikimbilie kusema "ni kansa". Mawingu ni dalili ya mvua, ila si kila wingu huleta mvua. Aina za uvimbe zinazoweza kuota humo ni nyingi. Nyingine si kansa kabisa, nyingine ni kansa kali. Je, zipi hutokea mara nyingi? Swali hilo ni zuri, na jibu lake linaweza kuokoa maisha ya mdogo wako. Twende pamoja.

ORODHA YA KWANZA: PHILADELPHIA

Mwaka 2004 madaktari wa hospitali ya macho ya Wills, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, walichapisha hesabu ya wagonjwa 1,264 waliopelekwa kwao kwa kushukiwa kuwa na uvimbe katika tundu la jicho. Matokeo? Wagonjwa 810 hawakuwa na kansa. Waliokuwa na kansa ni 454. Wewe uliye hodari wa hesabu umeshaona: katika kila wagonjwa 100, 64 hawakuwa na kansa na 36 walikuwa nayo.

Kisha wakawagawa kwa umri. Kwa watoto na vijana hadi miaka 18, wenye kansa walikuwa 20 katika kila 100. Kwa watu wa miaka 19 hadi 59, walikuwa 27. Kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea, wakafika 58. Kwa hiyo huko kansa ya tundu la jicho ni jambo la wazee zaidi kuliko watoto.

Kwa watoto wa huko, kilichoongoza ni uvimbe uitwao demoidi. Huu mtoto huzaliwa nao. Mtoto anapoumbwa tumboni, kipande kidogo cha ngozi hunaswa kati ya mifupa inayoungana. Kipande hicho hakijui kwamba kimepotea njia. Kinaendelea kufanya kazi ya ngozi, kinatoa mafuta na hata nywele. Baadaye unaona kijivimbe cha mviringo, mara nyingi kwenye ncha ya nje ya nyusi. Hakiumi, kinakua polepole, si kansa. Daktari hukitoa kwa upasuaji. Lakini kisitumbuliwe nyumbani kama jipu! Mafuta yake yakimwagika ndani ya nyama, sehemu yote huvimba na kuuma.

Watoto wachanga wengine hupata uvimbe wa mishipa midogo ya damu, uitwao hemanjioma. Huu hukua haraka miezi ya kwanza, halafu hunywea wenyewe miaka inayofuata. Pamoja na hayo unahitaji kuangaliwa na daktari, maana ukilifunika jicho la mtoto, jicho hilo linaweza lisijifunze kuona vizuri.

Basi mtu akisoma orodha ya Philadelphia peke yake atasema: "Kumbe watoto wengi hawana kansa! Tusubiri tuone." Subiri kwanza. Tufike huku kwetu.

ORODHA YA PILI: HUKU KWETU

Mwaka 1957 daktari mmoja wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, Denis Burkitt, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliitwa amtazame mtoto aliyevimba taya. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule ule katika hospitali nyingine. Burkitt akaanza kujiuliza, akaanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa. Akaona watoto wengi wenye uvimbe wa taya, wa tumbo, na wengi wao jicho limesukumwa nje. Mwaka 1958 akaandika habari zake. Leo kansa hiyo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika. Walitembea kama kilometa 16,000 kwa muda wa wiki 10 hivi, wakipita hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza: "Mmewaona watoto wa namna hii?" Jibu lilichora ramani. Sehemu za chini zenye joto na mvua, ugonjwa upo. Sehemu za juu zenye baridi, ni nadra. Ukiitazama ramani hiyo vizuri utaona inalingana na ramani ya malaria.

Leo sababu inaeleweka vizuri zaidi. Mwaka 1964 wanasayansi wa London waligundua kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo, kikaitwa Epstein-Barr. Kirusi hiki karibu kila binadamu anacho, wewe na mimi pia, na kwa kawaida hakitusumbui. Lakini mtoto mdogo anapougua malaria tena na tena, chembe za damu zinazotengeneza kinga huchokozwa zigawanyike kwa wingi, na mwili hushindwa kukidhibiti kirusi kile vizuri. Mara chache sana chembe moja hukosea katika kugawanyika. Hapo ndipo kansa inapoanza. Wanaopata zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 7 hivi, na wavulana ni wengi kuliko wasichana.

Burkitt haina mchezo. Ni moja ya kansa zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Lakini kuna habari njema pia. Kwa kuwa inakua haraka, dawa za kansa nazo huiua haraka. Mtoto akiwahishwa, uvimbe unaweza kuyeyuka ndani ya siku chache, na watoto wengi wamepona kabisa.

KANSA ISIYOTAKIWA KUWEPO KATIKA ORODHA HII

Katika hospitali za Afrika Mashariki kuna jina jingine linaloonekana sana kwa watoto wenye jicho lililotokeza: retinoblastoma.

Hapa tafadhali soma kwa makini. Retinoblastoma haianzii kwenye tundu. Inaanzia ndani ya jicho lenyewe, kwenye pazia la nyuma linalopokea picha, yaani retina. Chanzo chake ni kasoro katika jeni iitwayo RB1. Watoto wengi hugunduliwa kabla ya kutimiza miaka 5. Mwanzoni jicho halijatokeza hata kidogo. Dalili ya kwanza ni weupe katikati ya mboni, hasa gizani au katika picha iliyopigwa kwa flashi: jicho moja linaonekana jekundu au jeusi kama kawaida, lingine linang'aa jeupe kama jicho la paka. Dalili ya pili ni makengeza.

Ikikamatwa hapo, mtoto karibu kila mara hupona. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 95 katika kila 100 wanapona. Isipokamatwa, inajaza jicho, inalipasua, inamwagika ndani ya tundu. Sasa jicho linatokeza, linavimba, linatoa uchafu. Hapo kansa iko njiani kuelekea kwenye ubongo.

Ni tatizo la kiasi gani? Mwaka 2020 wataalamu walichapisha hesabu ya watoto 4,351 wenye retinoblastoma kutoka nchi 153. Katika nchi tajiri, ambao kansa ilikuwa imekwisha toka nje ya jicho walikuwa chini ya 2 katika kila 100. Katika nchi maskini walikuwa karibu nusu. Karibu nusu, jamani!

Umeona tofauti hiyo inatoka wapi? Si damu. Si rangi ya ngozi. Ni kuchelewa. Watoto wa nchi maskini walifika wakiwa na umri wa miezi 30 hivi. Wale wa nchi tajiri walifika na miezi 14 hivi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya orodha yetu imeandikwa na kuchelewa. Na kilichoandikwa na kuchelewa kinaweza kufutwa kwa kuwahi.

KWA NINI ORODHA HAZIFANANI?

Tuziweke sababu pamoja:

1. Umri wa watu. Nchi zetu zina watoto na vijana wengi. Nchi zenye wazee wengi huona zaidi magonjwa ya wazee.

2. Mazingira. Mahali penye malaria kali pana Burkitt. Mahali pasipo na malaria, Burkitt ya jicho ni nadra mno.

3. Kuchelewa. Kansa iliyoanzia ndani ya jicho, au kwenye weupe wa jicho, huingia tunduni kwa kuwa haikutibiwa mapema.

4. Nani anafika hospitali. Hili watu wengi hulisahau. Mtoto mwenye kijivimbe kisichouma kwenye nyusi, nyumbani wanasema: "Aa, kitaisha tu." Hapelekwi, hivyo hahesabiwi. Yule ambaye jicho limeharibika ndiye anayepandishwa gari. Kwa hiyo daftari la hospitali halionyeshi wagonjwa wote walioko mtaani. Linaonyesha waliofika.

Mwalimu wako wa hesabu akikuambia, "Takwimu hazisemi uongo," mjibu kwa heshima: "Ni kweli mwalimu, lakini kwanza tuulize zimemhesabu nani."

WENGINE KATIKA ORODHA

Rabdomiosakoma. Jina gumu, lakini likumbuke. Ni kansa inayofanana na chembe changa za misuli. Kwa jumla ni nadra, ila huwapata watoto, hasa wa miaka 7 au 8 hivi. Jicho hutokeza au kope kuvimba ndani ya siku au wiki chache. Mtego wake ni huu: mara nyingi wazazi husema, "Aligongwa na mpira." Ni kweli mtoto aligongwa, watoto hugongwa kila siku. Lakini uvimbe wa kugongwa hupungua. Ukizidi badala ya kupungua, huo si mpira tena. Ikitibiwa mapema kwa dawa na mionzi, watoto wengi hupona.

Kansa ya damu, yaani lukemia. Wakati mwingine chembe zake hujikusanya tunduni na kusukuma jicho kabla hata wazazi hawajajua kwamba damu ina tatizo. Mtoto anaweza pia kuwa amepauka, amechoka, au anatoka damu puani na kwenye fizi.

Kwa watu wazima kuna uvimbe wa mishipa ya damu unaokua polepole kwa miaka, ambao si kansa. Kuna uvimbe wa tezi ya machozi, ambao unaweza kuwa kansa au usiwe. Kuna meninjioma, unaotokana na utando unaofunika ubongo na mshipa wa jicho. Kuna limfoma za wazee. Na kuna kansa zilizosafiri kutoka mbali, kama vile kwenye titi.

Kuna pia kansa ya ngozi laini inayofunika weupe wa jicho. Tangu miaka ya 1990 madaktari wa Afrika Mashariki wameiona sana kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, wakiwemo vijana. Jua kali nalo huchangia. Huanza kama kijinyama cheupe au chekundu pembeni mwa mboni. Kikikatwa mapema, mambo yamekwisha. Kikiachwa, kinaweza kuingia tunduni. Kijinyama kinachokua juu ya jicho kionwe na daktari, na kupima VVU ni sehemu ya kujua la kufanya.

SI KILA JICHO LILILOTOKEZA LINA UVIMBE

Kwa watu wazima, sababu inayoongoza ya macho kutokeza ni ugonjwa wa tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba tunaiita rovu. Kwa mtoto mwenye homa, maumivu, na kope nyekundu iliyovimba, yaweza kuwa ni usaha ulioingia kutoka kwenye nafasi za pua. Hiyo nayo ni dharura ya siku hiyo hiyo, maana inaweza kupofusha au kufika kwenye ubongo.

"NADRA" HAINA MAANA "HAIPO"

Tufanye hesabu moja ya mwisho. Retinoblastoma humpata mtoto 1 katika kila watoto 17,000 hivi wanaozaliwa. Ni nadra, sivyo? Sasa tuseme nchi inazaa watoto 2,000,000 kwa mwaka, na Tanzania haipungui hapo. Gawanya. Unapata watoto zaidi ya 100 kila mwaka. Mabasi mawili yaliyojaa watoto! Kijiji chako kinaweza kisimwone hata mmoja kwa miaka mingi. Ndiyo maana anapotokea, watu hawaujui ugonjwa, wanaanza kutafuta mchawi.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Je, ni kurogwa?
Hapana. Ni chembe za mwili zilizokosea kugawanyika. Hakuna jirani aliyetuma kitu. Kumtafuta mchawi kunakula siku, na siku ndizo mtoto asizokuwa nazo.

Je, naweza kuambukizwa nikicheza naye?
Hapana. Cheza naye, kula naye, kaa naye dawati moja.

Eti kansa ikiguswa na kisu ndiyo inasambaa?
Watu husema hivyo kwa sababu wameona waliopasuliwa wakiwa wamechelewa wakafa. Kilichowaua ni kuchelewa. Daktari hukata kipande kidogo cha nyama apime, ili ajue ni dawa ipi itumike. Kwa retinoblastoma iliyo bado ndani ya jicho, hata kipande hakikatwi. Daktari hutambua kwa kuangalia kwa vyombo na kwa picha.

Wakisema jicho litolewe?
Ni neno zito, hatutakudanganya. Lakini kama jicho limeshakufa na kansa imo ndani yake, kulitoa ni kumwokoa mtoto. Atawekewa jicho la bandia, atasoma, atacheza mpira kama wenzake. Familia nyingine humtorosha mtoto hospitalini usiku kwa hofu hiyo, kisha humrudisha baada ya miezi, jicho na mtoto vyote viko hatarini.

Kama ndugu yangu aliugua retinoblastoma?
Wadogo zake, na baadaye watoto wake, wachunguzwe macho mara wanapozaliwa. Aina moja ya ugonjwa huu hurithiwa.

WEWE UFANYE NINI?

Pengine wewe ndiye uliyesoma zaidi nyumbani kwenu. Pengine wewe ndiye unayembeba mdogo wako mama anapokwenda sokoni. Basi una kazi.

Mtazame. Mkalishe mtoto, simama nyuma yake, inamisha kichwa chake kidogo kuja kwako, utazame kutoka juu kupita nyusi zake. Jicho moja limejitokeza kuliko lingine? Ukiona hivyo, sema.

Tazama picha. Mboni moja ikionekana nyeupe katika picha ya simu, piga nyingine. Weupe ukirudi, usiseme "ni simu mbovu".

Mpelekeni hospitali haraka, siku hiyo au kesho yake, si mwezi ujao, mkiona lolote kati ya haya:
- jicho limetokeza au kope imevimba na inazidi;
- mboni nyeupe;
- makengeza yaliyoanza ghafla;
- taya limevimba au meno yanalegea bila sababu;
- mtoto haoni, au anaona vitu viwili viwili.

Msitie jichoni dawa ya majani, maziwa, mkojo wala unga wowote. Msichanje kwa wembe. Msikamue.

Kituo cha afya kikitoa dawa ya matone na hali haibadiliki ndani ya siku chache, rudini mwombe barua ya rufaa. Semeni wazi: "Tunaogopa ni uvimbe ndani ya jicho." Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, Kenyatta na Mulago zina madaktari wa magonjwa haya. Kama fedha ni tatizo, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini kabla ya kukata tamaa. Na matibabu yakianza, yamalizwe. Uvimbe ukiyeyuka baada ya dripu ya kwanza, kazi bado haijaisha.

Kumzungumzisha baba au bibi si rahisi, tunajua. Wazee wana hofu zao na nauli haiokotwi. Anza kwa heshima. Waonyeshe picha, waonyeshe ukurasa huu, mwombe mwalimu au muuguzi aje nyumbani azungumze nao. Lakini usinyamaze.

Orodha ya aina za uvimbe wa tundu la jicho haikuandikwa kwenye mawe. Watoto wakilala ndani ya vyandarua na malaria ikapungua, mzigo wa Burkitt nao unaweza kupungua. Mboni nyeupe ikionwa mapema, retinoblastoma haitafika tunduni hata kidogo. Leo jioni ukifika nyumbani, mwite mdogo wako karibu na taa, umtazame macho yote mawili.